Ngazi Iliyopandwa na Moshi

Namnyaki hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Alizaliwa Oldonyo Sambu, kaskazini mwa Mlima Meru, ambako upepo hupeperusha vumbi mpaka likaingia kwenye ugali, na mtoto wa huko hujifunza mapema kwamba akikaa mdomo wazi atakula mchanga. Alipokuwa darasa la nne alimzalisha mbuzi peke yake, akanawa mikono, akaenda shule. Alipofika mjini Arusha kusomea kazi ya maabara, wenzake wakiwa wanashangilia maghorofa na taa za barabarani, yeye aliuliza choo kiko wapi.

Ndiyo maana waliomjua walicheka sana waliposikia kwamba Namnyaki huyo huyo, mtu mzima mwenye watoto na kitambulisho cha kazi shingoni, alikaa mbele ya mashine siku ya kwanza ilipowashwa na machozi yakamtoka. Wacheke tu. Wengi wa waliocheka hawakuona alichokiona.

Maabara yenyewe ilikuwa ya mifugo, nyumba ndefu yenye bati jekundu upande wa barabara ya Njiro. Ilijengwa enzi za maduka ya ushirika na foleni za sukari, na kwa miaka mingi mali yake ilikuwa darubini chache, jokofu lililokohoa kama mzee mvuta ugoro, na chupa ambazo Namnyaki aliziosha mpaka zikapoteza mng'ao. Kisha nyakati zikageuka. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa soko la Kilombero, redio zikawa nyingi kuliko masikio ya kuzisikiliza. Kiwanda cha zamani cha maziwa kikafungwa, kikafunguliwa kingine cha mtu binafsi. Nusu ya wafanyakazi wa maabara walipunguzwa kazini wakaenda kufuga kuku wa kisasa. Namnyaki alibaki, na hakuna aliyemweleza kwa nini alibaki, naye hakuuliza, maana mwenye bahati hatikisi mti alioukalia.

Mashine ililetwa na wafadhili baada ya zile mvua za El Nino zilizobomoa madaraja. Iliongozana na Daktari Romanus, Mchaga wa Kibosho aliyekuwa amesoma Ulaya muda mrefu hadi akarudi anatembea haraka kuliko watu wote wa Arusha. Alikuwa mpole, mwenye kuongea na vyombo vyake kama watu wanavyoongea na ng'ombe wa maziwa. Jina la ile kazi lilikuwa refu, elektroforesi ya kapilari, na Namnyaki alilisema mara chache tu, kisha akaamua kuiita "uzi".

Na kweli ilikuwa uzi. Ndani ya lile sanduku kubwa mlikuwa na uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele wa mtoto, na ule uzi ulikuwa na tundu katikati, ukitoboka toka mwisho hadi mwisho kama bomba la maji. Namnyaki aliushika mkononi asiamini. Ulijipinda bila kuvunjika. Daktari akamweleza kwamba wanaujaza maji yenye chumvi maalumu, wanaingiza tone dogo ambalo ukiliweka kwenye ncha ya sindano hutaliona, kisha wanapitisha umeme mkali ambao ungemwangusha fahali. Kila kilichomo ndani ya lile tone huanza safari. Kuna kinachowahi na kuna kinachochelewa, kutegemea kimebeba chaji kiasi gani za umeme na mwili wake ni mkubwa kiasi gani. Mwishoni mwa uzi kuna mwanga unaochungulia ndani, na kila kitu kinapopita, kompyuta inachora kilele.

Siku hiyo ya kwanza waliweka maziwa ya dukani. Waliyagandisha kwanza, wakayachuja, wakachukua yale maji ya manjano yanayobaki, ambayo ndani yake mna protini zisizoganda. Kompyuta ilichora mstari mnyoofu kwa muda mrefu, mpaka Namnyaki akadhani umeme umekatika tena. Halafu mstari ukainuka. Ukapanda, ukafika juu, ukashuka. Ukatulia kidogo, ukapanda tena.

"Hicho kikubwa umekinywa tangu ukiwa mtoto," Daktari akamwambia. "Hakuna jicho la mwanadamu lililowahi kukiona. Lakini kimepita hapa, na sisi tumejua kimepita."

Akaendelea kusema kwamba kwa muda kilioutumia njiani wanaweza kukadiria kimebeba chaji ngapi, kina unene gani, kina uzito gani. Namnyaki hakuyasikia vizuri yaliyofuata. Alikuwa anafikiria vile vitu vidogo, vingi kuliko nyota, vikienda kimoja nyuma ya kingine ndani ya uzi wa kioo kwenye chumba kinachonuka dawa ya kudekia, kila kimoja kwa mwendo kiliopewa na Mungu, tangu ng'ombe wa kwanza, bila mtu yeyote kuviangalia. Hofu ikamwingia, hofu nzuri, ile inayompata mtu akisimama kileleni alfajiri akaona dunia ilivyo kubwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Basi akaipenda ile kazi. Aliusuuza uzi kwa maji kila asubuhi kabla hajanywa chai, na umeme ulipokatika katikati ya safari alisikitika kama mtu aliyeona wasafiri wameachwa njiani. Nyumbani watoto wake walichoka kusikia habari za protini.

Huko Oldonyo Sambu, mama yake, Silantoi, alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake waliouza maziwa kwenye kile kiwanda kipya. Kwa Waarusha ng'ombe ni wa mwanamume, na hilo wanaume hawachoki kulisema, lakini maziwa ni ya mwanamke, na hilo hakuna mwanamume mwenye akili anayelibishia. Kila asubuhi wanawake waliteremsha maziwa yao barabarani, gari la kiwanda likayabeba. Mpokeaji wao kiwandani aliitwa Elieza, Mmeru wa Nkoaranga, mtu wa haki, mwenye tabia ya kuacha kikombe cha maziwa ya kila mama dirishani kuona yatalala vipi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Maziwa ya wengine yalikuwa yameganda kesho yake, kama maziwa yanavyotakiwa. Ya Silantoi yalikuwa bado matamu. Elieza akarudia, ikawa vilevile. Alikuwa amewahi kusikia kwamba kuna wafanyabiashara wanaotia maziwa dawa ya kuhifadhia maiti ili yasiharibike njiani, na mtu akishasikia jambo kama hilo, kila kikombe kinageuka shahidi. Alilisema kwa sauti ya chini, tena kwa meneja peke yake. Lakini dereva alikuwa karibu, na siri iliyosikiwa na dereva imeshapanda gari. Siku ya mnada Oldonyo Sambu nzima ilikuwa inajua kwamba Silantoi anatia maziwa dawa ya maiti, na waliotia chumvi wakasema wanajua na duka anakoinunua.

Kiwanda kikasimamisha maziwa ya kikundi chote mpaka ukweli ujulikane. Wanawake wenzake hawakumgombeza Silantoi. Ingekuwa heri wangemgombeza. Walichofanya ni kuacha kunywa kwake. Walikuja, wakakaa, wakaongea habari za mvua na za kanisa, na kibuyu kilipoletwa kila mmoja akashika tumbo akasema ameshiba. Kule kwao mgeni haondoki nyumbani kwa mtu kabla maziwa hayajapita kooni mwake. Mwanamke ambaye maziwa yake hayanyweki ni kama ameshahamishwa, hata kama bado amelala kwenye nyumba yake.

Elieza ndiye aliyepeleka chupa kule maabara, imefungwa vizuri na kuandikwa jina. Namnyaki aliipokea, akalisoma lile jina. Alijua papo hapo lililokuwa mbele yake. Uzi ule ule alioupenda ukisema ni dawa, hakuna atakayepokea tena maziwa kutoka mkononi mwa mama yake, hata wajukuu. Akampelekea Daktari Romanus ile chupa, akamwambia hawezi kuipima.

"Huyu ni mama yangu mzazi, Daktari."

Daktari aliitazama chupa, akamtazama na yeye. "Mashine haijui mama wa mtu," akasema. "Vuta kiti, tuangalie wote wawili."

Wakaangalia. Mstari ukaenda ukiwa mnyoofu, kisha ukainuka pale pale ambapo kilele kikubwa cha maziwa huinuka siku zote. Namnyaki akashusha pumzi. Lakini kilele kiliposhuka hakikufika chini. Kikainuka tena kidogo pembeni, kikashuka, kikainuka tena, kidogo zaidi. Vilikuwa vilele vidogo vilivyopangana, nafasi kati ya kimoja na kingine ikilingana na iliyotangulia, kama vipandio vya ngazi iliyoegeshwa ukutani. Namnyaki alijiona mwovu, maana pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, kitu ndani yake kilisema: Mungu wangu, jinsi ilivyo nzuri.

Daktari alimweleza taratibu. Protini ile ina sehemu juu ya mwili wake zenye chaji chanya. Kuna kitu kimekuja kikazishika. Nyingine zimeshikwa sehemu moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Kila iliyoshikwa imepoteza chaji chanya moja, kwa hiyo imechelewa hatua moja, lakini mwili wake umebaki karibu ule ule. Ndiyo maana vipandio vimelingana. Namnyaki akauliza ni kitu gani kimezishika. Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Ile dawa nayo hushika hapo hapo," akasema.

Daktari hakuwa mtu wa kuhukumu kwa kipimo kimoja. Akampa chupa mpya, aliyoiosha Namnyaki mwenyewe, akamwambia aende Oldonyo Sambu akalete maziwa yaliyoingia humo toka kwenye chuchu ya ng'ombe, bila kupitia chombo kingine chochote. Ng'ombe hazai dawa, akasema.

Jumamosi Namnyaki alipanda nyumbani. Aliinamisha kichwa mbele ya mama yake, na Silantoi akakigusa kwa kiganja, kama alivyofanya tangu zamani. Mama alikuwa amekonda shingoni. Hakulalamika. Alisikiliza habari ya chupa, akaigeuzageuza mikononi, akainusa, akakunja uso, lakini akakubali. Namnyaki alikusudia kusimama pale ng'ombe akikamuliwa asubuhi. Asubuhi ilipofika, baba yake mdogo, Lengai, akamwita nyumba ya pili, na kule kwao huwezi kumwambia baba mdogo asubiri umalize na ng'ombe. Akaenda kumsalimu, akaulizwa habari za mji, akazijibu zote. Aliporudi chupa ilikuwa imejaa, ya vuguvugu, imefungwa na kufunikwa kwa kitambaa safi.

"Yametoka kwa ng'ombe moja kwa moja, yeyo?" akauliza, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Yatoke wapi tena?" mama yake akajibu.

Kabla hajaondoka jirani mmoja alipita, mwanamke aliyemnyonyesha Namnyaki utotoni Silantoi alipougua. Kibuyu kikaletwa. Yule mama alikitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba amekunywa chai nyingi leo. Silantoi akakirudisha kibuyu mahali pake. Namnyaki aliteremka mjini akiwa ameishikilia ile chupa kama yai.

Jumatatu wakaipima. Kilele kikubwa kikainuka. Na pembeni yake, kipandio baada ya kipandio, ngazi.

Sitaficha alichofikiria Namnyaki wakati huo, kwa kuwa mtu yeyote angekifikiria. Alifikiria jinsi alivyokuwa nyumba ya pili akijibu maswali ya baba mdogo. Alifikiria mkono wa mama yake, ule uliomgusa kichwani, ukidondosha kitu ndani ya chupa. Aliona aibu kwa lile wazo, na wazo halikuondoka kwa sababu ya aibu. Akainuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa Daktari.

Daktari Romanus alikuwa amefungua ile chupa. Aliinusa, akasimama, akainusa tena.

"Haya maziwa yananuka moshi," akasema.

Namnyaki hakugeuka. "Maziwa si ndivyo yanavyonuka."

"Yanavyonuka wapi?"

Sasa akageuka. Alimwona Daktari ameishikilia chupa, uso umemjaa swali la kweli, wala hakuwa anamtania. Namnyaki alikunywa maziwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, kama walivyokunywa mama yake na bibi yake. Mti ule huchomwa, ncha yake yenye moto huingizwa kibuyuni ikasuguliwa ndani mpaka kibuyu kikaiva harufu, majivu yakafutwa, na hapo ndipo chombo huitwa safi. Alipohamia mjini akakuta maziwa yasiyo na harufu, aliamini tangu siku hiyo kwamba watu wa mjini wanayatia maji. Kwa miaka yote aliyofanya kazi maabara haikumjia kamwe kwamba ile harufu ni kitu kilichoongezwa. Kila mtu kule juu aliijua, Elieza naye aliijua, na wote waliona kwamba harufu ni harufu tu, huja na kuondoka, haigusi kitu.

"Daktari," akasema polepole, "moshi unaweza kushika?"

Daktari akaweka chupa mezani kwa uangalifu mkubwa. Akasema moshi ni vitu, vingi tu, na baadhi yake ni ndugu wa karibu wa ile dawa. Akasema hajui. Halafu akatabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza Namnyaki kumwona msomi akifurahia kutojua. Akamwambia amlete mama, na kijinga chake.

Silantoi aliteremka mjini akiwa amevaa shanga zake zote, kama anakwenda harusini au mahakamani. Alikuwa na kipande cha oloirien ndani ya furushi. Alfajiri hiyo Namnyaki alikuwa amekamua ng'ombe mwenyewe, mama yake akimwangalia na kumkosoa, maziwa yakaingia kwenye chupa ya maabara na hakuna aliyeigusa tena. Daktari Romanus akamwamkia Silantoi shikamoo, akamvutia kiti kizuri zaidi. Elieza naye aliitwa. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Kwanza Daktari akauliza kwa heshima kuhusu ile chupa ya Jumamosi. Namnyaki akageuza swali kwa Kimaasai ili lisimkwaze mama, lakini Silantoi akajibu kwa Kiswahili, akimtazama Daktari usoni.

"Hiyo chupa ilikuwa inanuka sabuni. Nitampaje mtu maziwa kwenye chombo kichafu? Nikaifunika juu ya moshi mpaka ikawa safi."

Kumbe ndivyo alivyofanya pia na yale makopo ya bati ambayo kikundi kilipewa. Wenzake waliyafukiza kidogo kwa sababu walionywa kwamba bati litashika masizi. Silantoi hakuliamini bati. Aliyafukiza mara mbili, asubuhi na jioni, kwa moto mkubwa, kwa sababu alikuwa kiongozi na hakutaka maziwa ya kikundi chake yadharauliwe mjini. Usafi wake ndio uliomponza.

Wakagawa maziwa ya alfajiri mara tatu. Sehemu ya kwanza ikaachwa ilivyo. Ya pili Silantoi aliitilia kwenye chombo alichokifukiza mwenyewe nyuma ya maabara, akaiacha humo huku wakinywa chai. Ya tatu Daktari aliidondoshea ile dawa yenyewe, kidogo sana, na wote wakasogea mbali na kile kikombe kama kina nyoka. Kisha uzi ukafanya kazi yake.

Ya kwanza ikatoa kilele kimoja kilichosimama wima, bila kitu pembeni. Ya tatu haikutoa ngazi. Kilele kilivimba, kikasambaa, kikalala upande kama gunia lililopasuka, maana dawa ile, Daktari alisema, haishiki tu, inazifunga protini zenyewe kwa zenyewe ovyo. Ikabaki ya pili. Mstari ukaenda. Namnyaki alisikia shanga za mama yake zikigongana. Kilele kikainuka, kikashuka nusu, na pembeni yake vikatokea vipandio, kimoja, kingine, na kingine, vidogo na vilivyolingana.

Mstari ukarudi chini. Silantoi alikuwa amesimama bila kujua. Alikisogelea kioo cha kompyuta, akanyoosha kidole bila kukigusa, akavifuata vile vipandio kimoja kimoja.

"Huu ndio moshi wangu," akasema. "Umepanda ngazi."

Daktari akachukua rula. Hapo ndipo alipowaonyesha jambo ambalo Namnyaki alilisimulia mpaka uzeeni. Alisema siku zote tatizo la mashine hii ni kwamba mwendo wa kitu unatokana na mambo mawili, chaji inayokisukuma na mwili unaokizuia, na ukiona mwendo peke yake huwezi kujua kipi ni kipi. Lakini ngazi inatenganisha. Kila kipandio ni chaji chanya moja tu iliyopungua, mwili ni ule ule. Ni sawa na kuwa na mizani isiyo na namba, halafu mtu akuletee mawe yanayolingana. Akapima nafasi ya kipandio kimoja. Akapima mwendo wote wa ile protini tupu, isiyoshikwa na moshi. Akagawanya. Ukiondoa chaji chanya na hasi zinazofutana, protini ile ilikuwa imebakiwa na chaji hasi karibu kumi. Na kwa kuwa sasa chaji zinajulikana, mwili nao ukajulikana: akakadiria upana wake, kitu kidogo kiasi kwamba ukivipanga vya namna hiyo kimoja kimoja kwenye upana wa unywele, utapanga mpaka uchoke, halafu utaanza tena.

Alisema wenzake wa Ulaya hutengeneza ngazi kama hizo kwa kemikali, kwa makusudi. Ya Silantoi haikuwa safi kama zao. Lakini ilitosha.

Namnyaki alimtazama mama yake, ambaye hakujua kusoma saa, amesimama mbele ya kile kioo. Alijisikia mdogo, na ilikuwa raha kujisikia mdogo namna ile. Bibi zake wote walikuwa wameshika kijinga, wakasugua vibuyu, na ndani ya kila kibuyu ngazi zimejengwa tangu kale, hakuna aliyezipanda. Vitu vinavyoshika na kuachia, vinavyowahi na kuchelewa, vyote kwa hesabu isiyokosea, kwenye giza la kibuyu. Alitaka kupiga magoti. Kwa kuwa alikuwa kazini, akashika ukingo wa meza.

Elieza alikuwa bado mlangoni. Aliuliza swali moja tu, kama ndiyo sababu maziwa yale hayakuganda. Daktari akasema moshi mwingi kiasi hicho huwachelewesha wadudu wanaogandisha, na yeye haoni sababu nyingine. Elieza akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaaga. Hakumtazama Silantoi. Namnyaki alikasirika, akasema moyoni kwamba kuna watu ambao wakishakuchafua hawana muda wa kukusafisha.

Kiwanda kikatoa jibu lake wiki ile: maziwa yapokelewe tena, ila makopo yaoshwe kwa maji ya moto na yasifukizwe. Wanawake wakafurahi. Lakini jibu la kiwanda lilihusu makopo. Halikusema chochote juu ya kibuyu cha Silantoi, na habari za uzi wa kioo, alizozieleza Namnyaki kwa bidii zote baada ya ibada, zilisikilizwa kwa adabu kama hotuba ya mgeni rasmi. Watu wakasema Bwana asifiwe, na wakaendelea kushiba.

Jumamosi iliyofuata Namnyaki alikuwa nyumbani kwa mama yake. Wanawake wa kikundi walikuwepo, wakipanga zamu. Mtu akaja kwa miguu kutoka barabarani, kofia mkononi. Alikuwa Elieza, amepanda kutoka mjini siku ambayo hana kazi. Alimwamkia Silantoi, akakaribishwa kiti, akakaa. Hakuongea habari za kiwanda. Alisema amekuja kusalimia, na kwamba njia ni ndefu na ana kiu.

Silantoi aliinuka, akaleta kibuyu chake, kile cha nyumbani, kilichofukizwa. Akamimina kikombe kikajaa. Alijua desturi za kina Elieza, kwamba kule Meru mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni ili waone haina kitu. Kwao Waarusha maziwa hayaonjwi hivyo, kumwonjea mgeni maziwa ni kukiri kwamba unashukiwa. Hata hivyo Silantoi alikiinua kikombe kuelekea midomoni mwake mwenyewe, mbele ya wanawake wote, ili asimtie mgeni mashaka. Namnyaki alishindwa kutazama.

Elieza akauweka mkono wake juu ya kikombe.

"Hapana, mama," akasema. "Usionje."

Akakichukua kutoka mikononi mwake kwa mikono yote miwili na akanywa. Hakunywa haraka. Namnyaki alitazama koo lake likipanda na kushuka, akayaona maziwa yakiteremka na vile vitu visivyohesabika ndani yake, kila kimoja na moshi wake mgongoni, na akili yake ikajaa tena ile hofu nzuri ya siku ya kwanza. Elieza alipomaliza alifuta midomo, akakirudisha kikombe, akaomba kingine. Yule mama aliyemnyonyesha Namnyaki akavuta kigoda chake mbele, akanyoosha mkono wake, akamwambia Silantoi kwamba na yeye ana kiu.